Maji Baridi na Maji Chumvi: Mto Ruvuma na Safari ya Lady Nyassa

Mji wa Songea umeegemea Milima ya Matogoro. Katika msitu wa milima hiyo huchimbuka chemchemi ambazo ndizo chanzo cha Mto Ruvuma. Hapo mwanzoni mto huo si kitu cha kumtisha mtu. Mtoto wa shule aweza kuuruka asilowe miguu. Lakini maji hayo hayo huelekea kusini, kisha hugeukia mashariki, hupokea Mto Lugenda kutoka upande wa Msumbiji pamoja na mito mingine mingi, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 800 huingia katika Bahari ya Hindi yakiwa ni mto mpana wenye mafungu ya mchanga. Kwa sehemu kubwa ya njia hiyo mto ndio mpaka baina ya nchi mbili.

Mara kwa mara husemwa kwamba ubaharia ni utamaduni wa watu wa pwani peke yao, na kwamba mtu wa bara akiiona bahari huiogopa. Insha hii yakusudia kuichunguza kauli hiyo kwa kusimulia habari ya chombo kimoja kilichoundwa kwa ajili ya maji baridi ya Ziwa Nyasa, kikashindwa kulifikia ziwa hilo, na hatimaye kikavuka Bahari ya Hindi kikiongozwa na mikono ya watu wa mtoni. Habari hiyo imefungamana na Mto Ruvuma, kwani lilikuwapo tumaini kwamba mto huu wa Matogoro ungekuwa njia ya kukifikisha chombo hicho mahali pake.

Ilianza kwa kosa la jiografia. David Livingstone, aliyekuwa akiongoza msafara wa serikali ya Uingereza katika bonde la Zambezi tangu mwaka 1858, alilifikia Ziwa Nyasa mwaka 1859 kwa kuufuata Mto Shire. Aliona mambo mawili. La kwanza ni kwamba biashara ya watumwa ilikuwa ikivuka ziwa hilo kuelekea pwani, na akaamini kwamba meli moja ya mvuke juu ya maji yale, ikinunua pembe za ndovu na bidhaa nyingine kwa haki, ingeweza kuidhoofisha. La pili ni kwamba Wareno ndio walioushika mlango wa Zambezi, na hawakuwa na haja ya kumfungulia mtu mwingine njia. Basi akatafuta mlango wa pili. Macho yake yakaangukia Ruvuma, ambao wengi walidhani unatoka katika Ziwa Nyasa.

Mwaka 1861, akiwa na meli ya Pioneer, aliingia katika mlango wa Ruvuma na kupanda kiasi cha maili 30. Maji yakaanza kupungua, naye akaogopa kukwama hadi msimu mwingine wa mvua, akarudi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba 1862, alirejea na mashua za makasia. Safari hii walikwenda maili zipatazo 150 kwa kufuata mizunguko ya mto, wakizivuta mashua kwenye mafungu ya mchanga, hata wakafika penye mawe na maporomoko. Hapo tumaini likaisha.

Mzee yeyote wa Matogoro angeweza kumwambia kwamba mto ule hautoki ziwani. Lakini hakuna aliyefika Matogoro kumwuliza, na habari alizopewa njiani zilikuwa za watu walioujua mto katika sehemu zao tu. Tena tusiwacheke mno waliokosea. Lugenda, ambao ni mkubwa kuliko vijito vingine vyote vya Ruvuma, hutoka upande wa maziwa madogo ya Chiuta na Amaramba, na mtu aliyesikia kwamba maji ya Ruvuma yana asili ya ziwa alikuwa amesikia nusu ya kweli. Nusu ya pili ilikuwa imejificha katika msitu wetu.

Sasa tuitazame meli yenyewe. Livingstone aliiagiza Uskoti kwa fedha zake, nyingi zikiwa ni mapato ya kitabu chake cha mwaka 1857, na gharama ilipita pauni 6,000. Iliitwa Lady Nyassa. Iliundwa kwa chuma, nyembamba, yenye kina kidogo, na ikaletwa katika vipande 24 ili iweze kufunguliwa, kubebwa kando ya maporomoko ya Mto Shire, na kufungwa tena juu yake. Vipande hivyo vilifika kwenye mlango wa Zambezi mwishoni mwa Januari 1862. Katika merikebu iliyovileta alikuwamo pia Mary, mkewe Livingstone. Kazi ya kuviunga ilifanyika Shupanga, kando ya Zambezi, na huko ndiko Mary alikofariki kwa homa tarehe 27 Aprili 1862, kabla ya meli ile kuguswa na maji.

Meli ilishushwa mtoni tarehe 23 Juni. Wenyeji walikusanyika kwa wingi kutazama, na wengi wao walikuwa na hakika kwamba ingezama mara moja. Hoja yao ilikuwa ya watu wenye akili timamu: jembe, au hata kipande kidogo cha chuma, kikitupwa majini huenda chini; itakuwaje basi mlima mzima wa chuma uelee? Meli ikaelea. Baadhi wakasema ni dawa. Mimi naona swali lao lilikuwa bora kuliko jibu walilopewa, kwa kuwa ndilo swali linalotenganisha maji ya aina moja na ya nyingine. Chombo huelea kwa sababu husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Mita moja ya ujazo ya maji ya mtoni ina uzito wa kilo 1,000; ya maji ya bahari hukaribia kilo 1,025. Kwa hiyo chombo kile kile, chenye shehena ile ile, huinuka kidogo kitokapo mtoni na kuingia baharini, na huzama kidogo kirudipo. Mabaharia wa mashua za Rufiji wanalijua jambo hili bila ya kulipima: chombo kilichojazwa barabara baharini chaweza kugusa mchanga mara kiingiapo mtoni, hata kama kina cha maji kinaonekana kutosha.

Wengi wangedhani, kwa hiyo, kwamba kutoka maji baridi kwenda maji chumvi ni kwenda kwenye wepesi. Sivyo. Bahari humpa mwenye chombo kiasi kidogo cha kuelea na humdai mengi kwa upande mwingine. Hula chuma kwa kutu. Chombo cha mbao hutobolewa na wadudu wasioishi katika maji ya mto, ndiyo maana mafundi wa pwani hupaka sehemu ya chini deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, na kuirudia kazi hiyo tena na tena. Meli ya mvuke huwa na taabu zaidi, maana boila likilishwa maji ya bahari hujenga ukoko wa chumvi ndani yake. Mtoni maji ya kuchemsha yako ubavuni na kuni ziko ukingoni. Baharini kila kitu hakina budi kuchukuliwa ndani ya chombo.

Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni ya umbo. Chombo cha mtoni huundwa ili kipite juu ya mchanga, na kwa hiyo tumbo lake ni bapa au lenye kina kidogo. Mtumbwi wa Ruvuma ni gogo moja lililochongwa. Mtumbwi wa Ziwa Nyasa una mdomo mwembamba juu na tumbo lililopanuka ndani, ili wimbi lisiingie kwa urahisi, kwa sababu upepo wa mwera unapovuma ziwani hauna mzaha. Pwani, mtumbwi huo huo wa gogo umepewa mbawa pande mbili ukawa ngalawa. Kila umbo ni kumbukumbu ya maji yaliyolifundisha. Na yafaa kukumbuka kwamba mwera wa wavuvi wa Liuli na Mbamba Bay na kusi ya manahodha wa Unguja ni upepo mmoja wa kusini-mashariki, ambao watu wa maji mawili wameupa majina mawili.

Lady Nyassa haikupata kuuona mwera. Mwanzoni mwa mwaka 1863 ilipandishwa Mto Shire hadi chini ya maporomoko, ambako mto hushuka zaidi ya mita 300 kabla ya kufika kwenye nyanda. Nchi ilikuwa katika ukame na njaa, na maiti za waliouawa katika uvamizi wa watumwa zilikuwa zikielea mtoni. Kazi ya kukata barabara ya kupitisha vipande vya meli ilianza, na mafundi wakaanza kuifungua. Ndipo mwezi wa Julai ilipofika barua kutoka London: serikali ya Uingereza imeukomesha msafara. Pioneer ilikuwa mali ya serikali, ikabidi irudishwe. Lady Nyassa ilikuwa ya Livingstone mwenyewe, na hakuwa tena na ziwa la kuipeleka.

Wareno wangeinunua. Alikataa, kwa kuwa alihofu kwamba meli iliyotengenezwa kupambana na biashara ya watumwa ingetumiwa kuwachukua watumwa. Mtu aweza kuwa na maoni mengi kuhusu Livingstone, na wanahistoria wetu wamekwisha kuyaeleza. Nyayo zake zilifuatwa na wakoloni, kwa kusudi au bila kusudi. Katika jambo hili moja, hata hivyo, alikubali kupata hasara kubwa ili neno lake lisigeuke uongo.

Soko lililobaki lilikuwa Bombay, ng'ambo ya bahari. Mwezi wa Februari 1864 meli zote mbili zilitoka katika mlango wa Zambezi zikivutwa na manowari za Kiingereza, Orestes na Ariel, kuelekea kisiwa cha Msumbiji. Hawakwenda mbali kabla ya kukutwa na tufani. Meli iliyoundwa kwa ajili ya ziwa ilipanda na kushuka nyuma ya Ariel ikiwa imefungwa kwa kamba, na waliokuwa ndani yake hawakuwa na la kufanya ila kushikilia. Ilipona. Baada ya matengenezo ilikwenda Unguja kwa nguvu zake yenyewe na kufika mwezi wa Aprili. Huko Unguja mhandisi wake alishuka na kuchukua kazi nyingine.

Msomaji wa pwani hataona haja ya kuelezwa maana ya tarehe inayofuata. Lady Nyassa iling'oa nanga Unguja tarehe 30 Aprili 1864. Majahazi yaendayo Uarabuni na Bara Hindi huondoka kusi inapoanza, nayo huharakisha, kwa maana ifikapo Juni bahari ya upande ule huchafuka na bandari za magharibi ya Bara Hindi huwa hatari kwa chombo kidogo. Kuondoka siku ya mwisho ya Aprili, katika meli ya mtoni, ilikuwa ni kubahatisha. Makaa ya mawe yalikuwa tani 14 tu, kwa safari ya maili 2,500. Kwa hiyo ilibidi sehemu kubwa ya njia iendewe kwa tanga, na injini iwekwe akiba.

Ndani yake walikuwamo Livingstone, ambaye ndiye aliyepima jua na kuiongoza dira. Wazungu watatu, yaani mpiga makaa mmoja, baharia mmoja na seremala mmoja. Wanaume saba wa Zambezi waliojitolea kwa hiari. Na vijana wawili, Chuma na Wikatani. Wale saba walikuwa hawajapata kuiona bahari kabla ya safari hii. Walikuwa watu wa mtumbwi na pondo, waliozoea maji ambayo ukingo wake huonekana. Miongoni mwa watu wa Shupanga waliofika Bombay kwa chombo hicho walikuwamo Susi na Amoda, ambao kazi yao ya kwanza na msafara ilikuwa kukata kuni za Pioneer.

Baadhi ya Wazungu waliugua njiani. Kazi ya kutweka na kukunja tanga, kushika usukani, kupiga bomba na kukesha zamu za usiku iliwaangukia zaidi watu wa mtoni. Upepo ukawakataa: katika siku 45 za safari, siku zipatazo 25 zilipita katika shwari, tanga likining'inia kama nguo ya kuanikwa. Asiyeijua bahari hudhani tufani ndiyo mtihani mkubwa. Mabaharia wa Kiswahili husema vingine. Shwari ndefu humaliza maji ya kunywa na kuivunja mioyo, na hakuna adui wa kupigana naye. Shwari ilipokwisha, dhoruba za mwanzo wa msimu zikaanza kuwajia kwa vipindi. Chombo chenye kina kidogo huyumba vibaya katika hali hiyo, na zaidi ya mara moja Livingstone aliwaza kugeuza njia aelekee bara Arabu.

Tarehe 13 Juni 1864 waliingia Bombay. Meli ilikuwa ndogo hata hakuna aliyeona kwamba imefika.

Katika masimulizi ya Kizungu safari hii huitwa ushujaa wa Livingstone, na ubaharia wake haukuwa wa kudharauliwa. Wale saba hutajwa kwa idadi zaidi kuliko kwa majina. Livingstone mwenyewe aliwasifu kwamba walijifunza ubaharia upesi, lakini sifa ya namna hiyo huficha jambo moja. Hawakuanza na mikono mitupu. Mtu aliyelelewa kwenye Zambezi anajua kuusoma mkondo juu ya uso wa maji, anajua mzigo uwekwe wapi ili chombo kisilale upande, anajua kusimama katika kitu kinachoyumba na kufanya kazi akiwa amesimama. Walichojifunza baharini ni tanga, kamba na zamu. Yaliyobaki walikuja nayo kutoka nyumbani. Ndiyo maana naona si haki kuandika historia ya ubaharia wa watu wetu kana kwamba inaanzia pale mawimbi yanapogonga ufuko, na kuwahesabu watu wa mito na maziwa kuwa ni mizigo iliyoshuka pwani.

Wapo watakaouliza: watu wa Shupanga ni wa Msumbiji, Chuma ni Myao kutoka nyanda za juu za Shire, hao wana uhusiano gani na utamaduni wa taifa letu? Mwaka 1864 mipaka hii haikuwapo. Wayao wako pande zote za Ruvuma hata leo, kutoka Tunduru hadi Niassa, na mto ambao serikali za kikoloni ziliuchagua kuwa mpaka ulikuwa kwa wakazi wake ni barabara, kisima na mahali pa kuvulia samaki. Chuma alikuwa mtoto aliyekombolewa mwaka 1861 kutoka katika msafara wa watumwa uliokuwa ukishuka kutoka nyanda hizo. Miaka mitatu baadaye alikuwa akivuka bahari ambayo, lau asingekombolewa, huenda angevushwa akiwa amefungwa.

Huko Bombay, Chuma na Wikatani waliachwa katika shule ya wamisheni wa Kiskoti, na Susi na Amoda wakapata kazi bandarini. Livingstone alikwenda Uingereza, kisha akarudi Bombay mwaka 1865 na kuiuza Lady Nyassa kwa bei isiyofika nusu ya gharama yake. Fedha hizo aliziweka katika benki moja ya huko, nayo ikafilisika mwaka uliofuata.

Meli nyingine zilifanikiwa kulifikia ziwa, zote kwa njia iliyo kinyume, yaani kutoka chumvi kwenda maji baridi, vipande vyake vikibebwa na wapagazi: Ilala mwaka 1875, kisha nyingine za serikali za kikoloni, na Chauncy Maples ya misheni ya UMCA iliyoshushwa ziwani mwaka 1901. Liuli, katika mkoa wetu, ndiko Waingereza walikoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann tarehe 13 Agosti 1914 ikiwa imepandishwa nchi kavu. Historia ya wapagazi hao bado inangoja mwandishi wake.

Mwezi wa Machi 1866 wale wa Lady Nyassa walirejea. Manowari iliwachukua kutoka Unguja ikajaribu kuingia katika mlango wa Ruvuma, haikufaa, wakashushwa Mikindani. Chuma, Susi, Amoda na Wikatani walikuwa sasa ni watu waliokwisha kuvuka bahari kwenda na kurudi, nao waliufuata Ruvuma kwa miguu, wakikata njia katika vichaka vya Wamakonde, kuelekea ziwa lile ambalo meli yao iliitwa kwa jina lake. Walifika Ngomano, mahali ambapo Lugenda hukutana na Ruvuma. Kutoka huko waligeukia kusini-magharibi, wakapita mji wa Mataka, na tarehe 8 Agosti 1866 wakaliona Ziwa Nyasa. Wikatani alibaki na jamaa zake upande wa kusini wa ziwa. Chuma na Susi waliendelea, na ndio ambao miaka minane baadaye walifika Bagamoyo wakiwaongoza wenzao waliouchukua mwili wa Livingstone. Ule mkono wa mto uliotoka Matogoro waliuacha upande wao wa kulia, bila ya kuufuata hadi mwanzo wake.